Waliolala Kwenye Baraza la Ghala

Perpetua tulimzika Kasulu mwezi uliopita, asubuhi ya manyunyu, udongo mwekundu ukitunatia miguuni hata wachimbaji wakawa wanakwangua majembe yao kwa vijiti. Kanisa lilijaa. Wauza mawese wenzake wa sokoni walikuja na vitenge vya sare, wajukuu walipokezana kusoma, na padri alimsifu kwa bidii yake na kwa uraia alioupata uzeeni. Nilisikiliza nikiwa nimekaa mstari wa nyuma na fimbo yangu. Tulipokuwa tunanawa mikono baada ya maziko, mjukuu wake mmoja, kijana mpole anayefundisha sekondari, akaniuliza, “Bibi, wewe na bibi yetu mlijuana wapi?” Nikamjibu, “Kibondo, kwenye baraza la ghala.” Akacheka kidogo, kwa heshima, akadhani labda tulikuwa tunauza kitu pale, au tulikuwa tunasubiri gari. Sikumweleza. Watu walikuwa wanapanga foleni ya chakula na mvua ilikuwa inaanza kunyesha kweli. Lakini tangu siku ile silali vizuri, na kila nikifumba macho naona baraza lile, na pembeni yake namwona Mzee Ntakije amekaa, uso ameuelekeza kwenye sauti ya miguu yangu. Kwa hiyo nimeona niuandike mwaka ule.

Sitaanza na ukoo wangu. Inatosha kusema nilizaliwa Muyama, nikasoma kiasi, nikapelekwa chuo, na mwaka wa sabini na nne nikapangiwa Kibondo nikiwa msichana, na kazi ambayo watu waliifupisha wakaniita Bibi Maendeleo. Ulikuwa mwaka wa kuhamia vijijini. Nilifika na sanduku la bati nikapanga chumba uani kwa Mama Zuhura, mwanamke wa Ujiji, ambaye mumewe, Mzee Seif, alikuwa na duka mjini na babu yake alitoka Bagamoyo. Chumba changu kilipakana na duka, na ukuta wa kati haukufika juu. Kati ya tofali la mwisho na paa palikuwa na uwazi ambao paka alipita akitaka. Sauti nazo zilipita. Asubuhi niliamshwa na mlango wa duka unapofunguliwa na harufu ya chai ya tangawizi. Jioni Mama Zuhura alinigawia ugali wa muhogo na migebuka mikavu ya ziwani iliyoungwa kwa mawese, akisema msichana anayekula peke yake hukonda roho kabla hajakonda mwili. Wakati ule nilidhani ni msemo tu wa kunikaribisha mezani.

Ghala la ushirika lilikuwa njiani kwangu kwenda ofisini. Ndani mlikuwa na magunia ya maharage na kahawa, pakavu, pamefungwa kufuli. Nje, chini ya upenu, walilala watu. Malori yalikuwa yamewatoa vilimani pamoja na wenzao na kuwashusha katika kijiji kipya kilichopangwa njia ya Mabamba, nje kidogo ya mji, na kanuni ya kijiji ilikuwa nyepesi: kila familia ipewe kiwanja ijijengee. Wenye nguvu walikata miti, wakafyatua matofali, wakaezeka. Hakuna aliyekuwa ameuliza asiye na familia afanyeje. Wajane ambao wana wao walikwenda kwenye mashamba ya mkonge wasirudi, wagonjwa, wazee waliokuwa wanaishi kwa sababu jirani alikuwa anawapitia, wote hao walikaa chini ya majani waliyoyasimamisha kwenye viwanja vyao mpaka mvua ya kwanza, kisha wakaja mjini mmoja mmoja wakajiegesha kwenye ukuta wa ghala. Walikuwa na kilima na mgomba na kaburi la wazazi, na sasa walikuwa na hatua chache za saruji. Vilimani kwao nyumba zilikuwa zimeshaondolewa paa ili wasirudi. Nilipita huko mara moja kwa gari la ofisi nikaziona, kuta zimesimama, milango wazi, na ukungu unaingia ndani kama mwenye nyumba.

Mzee Ntakije alikuwa wa kwanza kunisemesha. Macho yake yalikuwa yamezibwa na mtoto wa jicho, akawa anaona mwanga tu na vivuli. Alikuwa amefanya kazi ya manamba huko Tanga miaka ya ujana wake yote, akarudi mtu mzima, mikono imejaa makovu ya mkonge, bila mke wala mtoto. Kiswahili chake kilikuwa cha makambi, cha amri na mzaha. “Wewe ni mpya,” aliniambia. “Viatu vyako bado vinalia.” Nikamwamkia, nikamuuliza anaendeleaje. “Naendelea kulala nje, mwana wanje,” akasema, akiniita mwanangu kwa Kiha. “Nimelala kambini, nimelala kwenye behewa, nimelala chini ya mkonge kama nyoka. Nilisema nikirudi kwetu nitalala ndani. Sasa nimerudi, na wamekuja kunitoa ndani.” Alisema hayo bila hasira, kama anayeeleza kosa la mtu wa tatu.

Kando yake alilala Perpetua. Alikuwa amevuka mpaka kule Mabamba miaka miwili kabla, wakati wa mauaji ya kwao Burundi, akiwa peke yake. Wenzake walipelekwa kwenye makazi ya wakimbizi, yeye akabaki kwa mkulima mmoja akimlimia, mpaka mkulima naye alipohamishwa akamwambia kwenye nyumba mpya hakuna nafasi. Alikuwa na umri usiozidi wangu sana. Ndiye aliyechota maji ya watu wa baraza na kuwapikia kwa sufuria moja. Na mwisho kabisa wa baraza, peke yake, alikaa Bibi Nyamwiza. Kilimani kwao walisema ni mchawi. Kwenye lori hakuna aliyekaa karibu naye, na viwanja vilipogawiwa hakuna aliyekubali kupakana naye. Hata pale ghalani wenzake walimwachia nafasi pana, isipokuwa Mzee Ntakije, ambaye alisema hamwoni vizuri kiasi cha kumwogopa.

Nilianza kuwazungumzia ofisini nikaambiwa suala linajulikana. Neno hilo nimelisikia maisha yangu yote. Suala linajulikana. Kisha jioni moja nikiwa chumbani napiga pasi gauni, nikasikia sauti ya Bwana Ruhuza, Katibu wa Kata, dukani. Alizoea kuja kunywa kahawa kwa Mzee Seif baada ya kazi.

“Mgeni wa mkoa anakuja kukagua,” alisema. “Atapita barabara ile ile. Wale wa ghalani wataondoka kabla.”

“Waende wapi?” aliuliza Mzee Seif.

“Lori litawachukua. Watagawiwa vijijini, huku wawili, kule mmoja.”

Nikamsikia Mama Zuhura akiweka chini birika. “Kama paka,” alisema.

“Unasemaje, Mama?”

“Nasema paka ndio wanaogawiwa hivyo. Mtu unamweka kwenye gunia, unamwachia mbali ili asijue njia ya kurudi.”

Bwana Ruhuza akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha, akasema, “Mama Zuhura, mimi nimetumwa. Nikipata mwenye wazo bora kabla ya hapo, aje kwenye kamati aseme.” Nilisimama na pasi mkononi mpaka kitambaa kikaanza kunuka. Sijui kama alijua kwamba mpangaji anasikia. Mama Zuhura alijua. Aliponiletea chakula alikiweka mezani akasema tu, “Kamati inakaa keshokutwa, darasani.”

Kamati ya Maendeleo ya Kata ilikaa kwenye madawati ya watoto, magoti ya wanaume wazima yamepanda kifuani. Nilikuwa mwanamke pekee. Nilipopewa nafasi sauti yangu ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. Niliwaambia kwamba watu wale hawakukataa kuhama, walihama kama wengine, bali walishushwa mahali ambapo asiye na mkono wa kujenga hana pa kuingia. Nikaomba kijiji kiwajengee kwa kazi ya pamoja, kama kilivyojenga shule, na nyumba zao ziwe katikati ya nyumba za wengine, si pembeni. Nikaomba pia sehemu ya mavuno ya shamba la kijiji iwekwe kwa ajili yao, na mtu mmoja apewe kazi ya kuwapitia kila asubuhi, kumchotea maji asiyeweza, kumpikia asiyeona. “Nyumba peke yake haipiki, Ndugu Katibu,” nilisema. “Wala haimuulizi mtu ameamkaje.”

Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Kidubo, mtu mnene mwenye sauti ya kanisani, akaniuliza, “Binti, wewe una nyumba?”

“Nimepanga chumba kimoja.”

“Na anayekupitia asubuhi ni nani?” Wakacheka. Nikacheka nao, maana sikujua la kufanya na uso wangu. Akaendelea, “Nyumba tutajenga. Hilo ni kweli. Lakini yaya wa wazee hatuajiri. Kesho kila mvivu atataka kupikiwa.” Bwana Ruhuza alitazama dirishani. Wakakubaliana hivyo, nyumba ziwepo, mlezi asiwepo, na lori lisije. Nilitoka nikidhani nimeshinda. Mzee Ntakije nilipompa habari alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili iliyokwaruza kama gamba la mti, akasema, “Ndani?” Nikasema, “Ndani, Mzee.”

Walijenga upesi, miti na udongo, paa za nyasi, kazi nzuri tu. Lakini walijenga mwisho wa kijiji, ng'ambo ya shamba la pamoja, pale miombo inapoanza, ili kama kuna lolote la aibu barabara isilione. Nilipinga. Nikaambiwa viwanja vya katikati vimekwisha, na kwamba ndio hao hao niliosema wasilale nje. Mgeni wa mkoa akaja, akapita na msafara wake, akasifu baraza la ghala lilivyo safi, akala kuku, akaenda zake. Mzee Ntakije alihamia akiwa amevaa koti lake la zamani. Siku nilipomtembelea alinikaribisha mara nyingi kupita kiasi. “Karibu ndani. Pita ndani. Kaa huku ndani.” Alilitamka neno hilo kama mtu anayetafuna nyama baada ya miezi ya kisamvu. Kwa kuwa haoni, alikuwa amesokota kamba ndefu ya mkonge aliokata kwenye ua wa shule, kazi ambayo mikono yake haikuwa imeisahau, akaifunga kwenye mwimo wa mlango wake na kuipitisha kwenye vigingi mpaka mlango wa Bibi Nyamwiza, jirani yake wa karibu. Jioni alishika kamba akaenda kuota moto kwake. “Wanasema ananiroga,” aliniambia. “Basi aniroge. Angalau tunazungumza.”

Hapa napaswa kueleza jinsi pale mahali palivyokuwa, kwa sababu ndipo panaponijia mpaka leo. Mchana palikuwa na njiwa na upepo kwenye nyasi. Kijiji kilikuwa karibu kiasi kwamba ungeweza kuona moshi wake, na mbali kiasi kwamba huwezi kusikia mtu akitwanga. Unasimama kati ya zile nyumba mpya, milango imefungwa vizuri, nyua zimefagiliwa, na unahisi kama umefika mahali ambapo watu wameshaondoka, ingawa wamo ndani. Nilikuwa nikitoka pale naongeza mwendo bila sababu.

Mvua zilipokolea nilitumwa Mabamba kwa wiki kadhaa kuwafundisha akina mama. Niliporudi mjini, siku ya kwanza kwenda ofisini, nikakuta baraza la ghala limejaa tena. Karibu wote walikuwepo, na Perpetua na sufuria yake. Nikadhani nyumba zimebomoka. Nikamwendea Bibi Nyamwiza, ambaye sasa wenzake walikuwa wamemsogelea kidogo kwa sababu ya baridi.

“Bibi, kulikoni? Paa zinavuja?”

“Hazivuji, mwana wanje.”

“Kuni hakuna?”

“Kuni ziko. Porini pale pale.” Alivuta khanga yake. “Ile nyumba inanisikiliza. Nikipumua, inasikiliza. Nikilia, inasikiliza. Hapa ukutani kwa ghala nasikia mtu akikohoa.”

“Na Mzee Ntakije?”

“Huyo amekataa. Nilimuaga kwa mdomo wangu, nikamshika mkono nikamwambia Ntakije, sisi tunarudi, twende. Akasema yeye hatoki ndani tena.”

Perpetua alikuwa akimpelekea chakula kila alipoweza, lakini mto mdogo wa pale kati ulikuwa umefurika na alikuwa hajavuka kwa muda. Siku hiyo hiyo maji yalikuwa yamepungua. Tulichukua uji kwenye chupa ya chai ya Mama Zuhura tukaenda. Tulipopita shamba la pamoja nikaita, “Hodi, Mzee!” kwa mbali, kama tulivyozoea, maana alipenda kujibu kabla hujafika. Tukasikia njiwa. Mlango wake ulikuwa wazi. Ndani palikuwa pamefagiliwa, mkeka umekunjwa, mafiga yana majivu baridi, na kwenye chungu mlikuwa na mahindi makavu yaliyolowekwa maji hayakupikwa. Perpetua ndiye aliyeitazama kamba. Ilikuwa imelegea karibu na mlango, ikakaza mbele, kama kitu kinachovutwa. Aliishika akaifuata, nami nikamfuata yeye, mikono yetu ikiteleza juu ya mkonge uliolowa.

Alikuwa kwenye mlango wa Bibi Nyamwiza. Alikuwa amekaa, mgongo ameuegemeza ukutani chini ya upenu, koti lake amelifunga vifungo vyote, kamba ameizungusha kwenye kiganja. Uso wake ulikuwa umeelekea mlangoni kama mtu aliyebisha hodi akaambiwa subiri kidogo. Perpetua alichuchumaa akamgusa shavu, kisha akamrekebishia kola. Chupa ya uji bado ilikuwa na moto mkononi mwangu. Mzee alijua hakuna mtu mle ndani. Aliagwa, alishikwa mkono akaambiwa. Na bado alivaa koti lake akashika kamba akaenda. Nimeliwaza jambo hilo nikiwa msichana na nikiwa mke na nikiwa mjane, na kila umri umenipa jibu lake, na hakuna jibu hata moja lililokaa.

Tulimzika siku iliyofuata. Bwana Ruhuza alikuja na mwavuli. Kabla ya maziko nilimwona ameenda peke yake mpaka kwenye nyumba ya marehemu, akaishika kamba, akaifuata taratibu mpaka mwisho, akasimama pale akitazama mlango uliofungwa. Aliporudi mikono yake ilikuwa inanuka mkonge na hakuifuta. Ulipofika wakati wa ndugu kutia udongo, ndugu hakuwepo. Ndipo Bibi Nyamwiza akatoka nyuma, watu wakampisha kwa hofu, akainama akatia udongo wa kwanza, akasema kwa Kiha maneno ambayo mtu humwambia jirani anayesafiri. Hakuna aliyemzuia.

Nilitegemea kwamba baada ya hapo kamati itaona haya. Haikuona. Kikao kilichofuata Bwana Kidubo alisimama wa kwanza. “Tulijenga,” alisema. “Tuliacha mashamba yetu tukajenga. Wakazikataa, wakarudi kuchafua ghala. Nyumba wapewe walimu, na watu hao lori liwachukue kama ilivyosemwa mwanzo.” Wengine waliitikia. Nilisimama nikasema yale yale ya kwanza, kwamba tuliomba nyumba katikati, na chakula, na mtu, na mkatoa nyumba tu tena porini. Nilisema kwamba kijiji hakiwezi kumwondoa mtu kwa jirani zake kisha kikamlaumu kwa kuwatafuta. Nikaona nyuso zimefungwa. Walikuwa wamenisikia mara ya kwanza, na mtu akikusikia mara ya pili anasikia sauti tu. Perpetua alikuwa nje ya darasa, nilimwomba aje kama shahidi wa kifo. Nikasema, “Ndugu Katibu, naomba aliyekuwa anawapikia aingie aseme.”

“Mkimbizi hasemi kwenye kamati,” alisema Bwana Kidubo.

Bwana Ruhuza aliinua kichwa. “Aseme.”

Aliingia, akasimama karibu na ubao, miguu peku. Kiswahili chake wakati ule kilikuwa bado kinachechemea, na hakuinua sauti. “Amahoro,” alisema, akitusalimu kwa Kirundi. “Mimi kwetu nilikuwa na nyumba. Ya bati. Milango miwili, mbele na nyuma. Mume wangu aliijenga vizuri. Siku walipokuja, ile nyumba haikunisaidia. Bati halikunisaidia. Aliyenisaidia ni jirani. Aligonga ukuta akasema, Perpetua, toka, kimbia. Yeye mwenyewe hakukimbia, hakuwahi. Mzee hakuwa na wa kumgongea. Mkinipa kazi hiyo, nitawagongea mimi. Sitaki kulipwa. Nitakula wanachokula.”

Mvua iligonga bati la darasa. Mtu mmoja akakohoa. Hatimaye Bwana Ruhuza akasema, akitazama meza, “Hizo nyumba zing'olewe. Nguzo zibebwe, zije zisimamishwe katikati. Kila moja kati ya familia mbili, na mabalozi wa nyumba kumi waangalie. Mavuno ya shamba yatengwe. Na huyu mama atapewa kiwanja, na chakula chake kitatoka ghalani kama mfanyakazi mwingine wa kijiji. Kuna anayepinga?”

Lilibaki moja. Wazee wengine walipata majirani bila shida, hata kwa ukarimu. Lakini Bibi Nyamwiza hakuna aliyemtaka. Siku ya kugawa viwanja upya jina lake lilitajwa, wanaume wakakagua kucha zao. Ndipo akasimama Mama Tabu, mwanamke mkali mwenye watoto wengi, aliyejulikana kijiji kizima kwa mdomo. “Mwekeni kwangu,” alisema. “Mchawi gani analala barazani miezi na miezi? Angekuwa na uchawi si angeroga apate nyumba?” Watu walicheka kwa kishindo, na katika kicheko kile jambo likapita.

Tulipewa amri tuvieleze vijiji vingine vya kata vifanye vivyo hivyo, nami nikawa nazunguka kwa miguu na kwa malori ya kahawa nikihubiri nyumba iliyo kati ya nyumba, chungu, na mtu wa kupita asubuhi. Baadhi walifanya. Baadhi walijenga nyumba wakasahau chungu. Kwingine mlezi aliondoka hakupatikana mwingine. Baada ya miaka viongozi walibadilika, na mpango ukafa bila kuzikwa. Sasa nimezeeka, niko Kasulu, na kwenye baraza za soko kuna watu wanaolala. Mwaka jana vijana wa halmashauri walinialika kwenye kikao chao, wakanionyesha michoro ya nyumba za wazee wasio na makazi, bati za rangi, madirisha ya vioo, kiwanja kizuri nje ya mji penye hewa safi. Nikawauliza, “Nani atawapitia asubuhi?” Mmoja akaniambia kwa upole kwamba hilo litashughulikiwa awamu ya pili. Nikasema, awamu ya pili mimi nimeiona, nimeishika kwa mkono ikiwa imelowa. Wakadhani bibi amechanganyikiwa, wakaniletea soda. Lakini nimewaandikia tena, na nitawaandikia mpaka wanichoke au waelewe, lolote litakalotangulia.

Nilihamishwa kutoka Kibondo mwisho wa mwaka ule. Asubuhi ya kuondoka, kabla gari halijanipitia, nilikwenda kijijini kuaga. Nikiwa bado njiani nikasikia kelele za wanawake, nikashtuka nikakimbia nikidhani kuna jingine. Ilikuwa kwa Mama Tabu. Kuku wake alikuwa ameingia kwenye ungo wa muhogo ambao Bibi Nyamwiza alikuwa ameuanika, na Bibi Nyamwiza alikuwa amemrushia kigae kikampata mguuni. “Kizee wewe!” Mama Tabu alikuwa anafoka, mikono kiunoni. “Kuku wangu amekukosea nini? Utamlipa!” Na Bibi Nyamwiza, mwanamke ambaye kilima kizima hakikuthubutu kumtazama machoni, alikuwa amesimama mlangoni kwake akimrudishia neno kwa neno. “Funga kuku wako! Kama ulivyoshindwa kumfunga mumeo!” Watoto wa Mama Tabu walikuwa wanacheka wameshikana. Perpetua alikuwa anatwanga pale karibu, hakuacha hata kutwanga. Hakuna aliyemwogopa mtu. Nilisimama chini ya upenu wa nyumba ya tatu nikausikiliza ugomvi ule wote, mpaka maneno yakaanza kujirudia, mpaka matone ya kwanza yakaanguka kwenye vumbi. Mama Tabu akatazama juu. Akiwa bado anatukana, akaukwapua ule ungo wa muhogo, akampita Bibi Nyamwiza mlangoni, akauingiza ndani.